Kubadili jina la flagi si kazi bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja iliyotolewa katika ukurasa wenu wa teknolojia, kwamba watengenezaji wa programu wanaobadili majina ndani ya msimbo, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa, ambao tayari unafanya kazi ni sawa na fundi anayepaka rangi nyumba isiyovuja. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi wa kompyuta, ina mfano unaoipinga hoja hiyo.

Tangu toleo la 2.4.12, la mwaka 2001, kerneli hiyo ilikuwa na flagi, yaani alama ya kuwasha au kuzima jambo, iitwayo MS_VERBOSE, mojawapo ya zile ambazo programu huiwasilishia inapoomba mfumo wa faili (mpangilio wa mafaili kwenye diski) upachikwe, yaani uunganishwe ili utumike. Jina hilo kwa Kiingereza humaanisha msemaji sana, na yeyote aliyelisoma angedhani kwamba kuiwasha ni kuitaka kerneli ieleze zaidi. Ilikuwa kinyume chake. Kompyuta inapowaka na kerneli haijaambiwa diski kuu imeandaliwa kwa mfumo gani wa faili, huijaribu mifumo inayoifahamu mmoja baada ya mwingine, na kila usiolingana ungeacha lalamiko kwenye logi, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, ilhali hakuna kilichoharibika. Flagi hiyo ndiyo iliyoyanyamazisha malalamiko hayo. Palikuwa na mstari wa msimbo uliouliza kama MS_VERBOSE imewashwa na, ikiwa ndivyo, ukapeleka 1 kwenye kigezo kiitwacho silent, yaani kimya. Majina mawili yanayopingana yalikaa mstari mmoja, na mashine haikuona tatizo.

Toleo la 2.6.17, la mwaka 2006, lilileta jina MS_SILENT. Namba haikuguswa: ilikuwa 32768, na ndiyo hiyo hadi leo. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, hugeuza jina kuwa namba kabla programu haijaanza kazi, kwa hiyo programu zilizokwisha kutengenezwa hazikuhisi chochote. Jina la zamani nalo halikufutwa, maana watunzaji wa Linux hujizuia sana kuvunja programu za watumiaji. Limebaki katika faili linaloorodhesha flagi hizo, na pembeni yake pameandikwa kwa kejeli kwamba usemaji ni ukimya. Binafsi naona kejeli hiyo inafundisha kuliko aya nzima ya maelezo.

Anayesema kwamba hakuna kilichobadilika anaitazama mashine peke yake. Aliyekuwa akipotoshwa ni mtu: fundi mwenye diski inayokataa kupachikwa, anayetaka maelezo zaidi, anawasha flagi yenye jina la usemaji, anaikuta logi haina neno, kisha anahitimisha kwamba kerneli haikuona kasoro. Kosa la namna hiyo halinaswi kwa majaribio ya programu, kwa kuwa programu inafanya hasa ilichopangiwa.

Wala halikuwa badiliko la mwisho la aina hiyo. Novemba 2017, toleo la 4.15 likiandaliwa, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alibadili flagi za ndani za mifumo ya faili kutoka majina yanayoanza na MS_ kuwa yanayoanza na SB_, kwa kutafuta na kubadilisha moja kwa moja katika msimbo wote. Majina ya MS_ yalikuwa ya maombi yanayotoka kwenye programu, lakini ndani ya kerneli yalitumika pia kueleza hali ya mfumo wenyewe. Ikiwa mfumo mmoja wa faili umepachikwa mahali pawili, mahali pamoja panaruhusu kuandika na pengine hapana, msomaji anayekutana na MS_RDONLY, yaani kusoma tu, hana budi kujiuliza kama kuandika kumekatazwa kwenye mfumo wote au mahali pamoja tu.

Nakubaliana na mwandishi wenu kwamba kazi hii ina gharama, hasa kwa wanaotunza matoleo ya zamani, ambao hulazimika kurekebisha kila kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu, kinachotoka kwenye msimbo mpya. Ila kuiita mapambo ni kuwaonea walioifanya. Mwongozo wa Linux, sehemu ya 2, chini ya mount, unaitaja MS_VERBOSE kuwa flagi iliyopewa jina lisilo sahihi.

Mwalimu wa kompyuta,
Tanga