Swichi ya lori ikianza kugoma, ilete ingali inazunguka

Mwezi wa nane dereva mmoja alitupigia simu saa kumi na moja alfajiri akiwa Usoke, lori limejaa mahindi. Ufunguo unaingia ila hauzunguki. Tulipofika tulimkuta ameshika kipande cha ufunguo mkononi, kipande kingine kimebaki ndani ya swichi. Kazi ambayo hapa gereji kwetu Tabora haizidi saa moja ilitumalizia asubuhi nzima pembeni mwa barabara, kwa drili na tindo. Na mwenyewe alikiri kwamba swichi ilianza kumsumbua tangu masika.

Kinachochakaa mara nyingi ni kitasa cha swichi, lile tumbo la chuma unamoingiza ufunguo. Ndani yake mna vibapa vidogo vya shaba, kila kimoja kimekalia springi yake. Meno ya ufunguo sahihi huvipanga vyote vikawa sawasawa na ukingo wa kitasa, ndipo kinazunguka. Miaka ikienda, meno yanalika na vibapa navyo vinalika. Kimoja kikibaki kimechomoza, hata kama ni kwa unene wa karatasi, kitasa hakiendi. Vumbi letu la kiangazi linaongeza msuguano, na furushi la funguo za nyumba, stoo na kufuli za bodi linaloning'inia kwenye ufunguo wa gari linavuta kitasa chini kila gurudumu linapoingia shimoni. Ufunguo wa lori utembee peke yake.

Wateja wengi hukimbilia kuchonga ufunguo mpya. Hapo tunaomba tusikilizwe, kwa sababu watu wanapoteza hela bure. Mashine ya kuchonga huiga kile inachopewa. Ukiipa ufunguo uliolika, itakutolea mwingine uliolika vilevile, ila unang'aa. Kama una ule wa akiba uliokaa kabatini tangu gari linunuliwe, jaribu huo kwanza. Ukizunguka bila shida, ugonjwa uko kwenye ufunguo, na huo wa akiba ndio wa kuchongea. Ukigoma pia, geuza usukani kidogo kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo, maana wakati mwingine ni loki ya usukani tu iliyokazwa na tairi zilizoegemea jiwe. Hata hapo ikigoma, kitasa ndicho kimechoka.

Tafadhali usimimine oili. Siku mbili tatu utaona nafuu, kisha oili na vumbi vitakuwa tope ndani ya springi. Afadhali usugue meno ya ufunguo kwa penseli ya kawaida, uingize na kuutoa mara kadhaa. Unga ule mweusi unalainisha bila kunasa vumbi. Ni huduma ya kwanza ya kukufikisha mjini.

Dalili inayotutisha kuliko zote ni ufunguo usiorudi wenyewe baada ya injini kuwaka. Stata, ile mota inayoanzisha injini, inaendelea kushikana na injini inayokimbia, na mfumo wenyewe ni wa volti 24, betri mbili zimeungwa. Stata inaungua na nyaya zinapata moto. Ukiona hivyo urudishe kwa mkono mara moja, na usianze safari ya Mpanda wala Kaliua kabla hatujaliona gari.

Sasa kwa nini tunasisitiza uje mapema? Kwenye malori mengi ya zamani ya Kijapani kitasa kimeshikwa na pini ndogo. Tunafungua waya hasi wa betri, tunavua kava za usukani, tunazungusha ufunguo hadi palipoandikwa ACC, yaani hatua ya kuwasha redio tu, tunabonyeza pini kwa waya mwembamba, kitasa kinatoka chenyewe. Lakini pini hiyo haibonyei mpaka ufunguo ufike hapo ACC. Kitasa kikishagoma kabisa, njia hiyo imefungwa. Inabidi kutoboa kwa drili, au kushusha swichi nzima pamoja na loki ya usukani, ambayo bolti zake zilikatwa vichwa makusudi ili mwizi asizifungue. Hapo saa zinaongezeka na gharama pia.

Huduma moja hatuitoi, hata ukituongezea pesa: kuunga waya moja kwa moja na kuweka kitufe cha kuwashia kwenye dashibodi. Tumeona nyaya zilizoyeyuka kwa ajili hiyo, na lori la namna hiyo yeyote anaweza kuondoka nalo usiku.

Kitasa kipya huja na ufunguo wake, kwa hiyo milango itabaki na ule wa zamani. Wapo wasiojali kubeba funguo mbili. Ukitaka mmoja ufungue kote, tunaweza kupanga upya vibapa vya kitasa kipya vifuate ufunguo wako, mradi meno yake hayajalika. Kama una kibati kidogo cha namba kilichokuja na funguo, kilete, kwa sababu namba ile inasaidia kuchonga ufunguo wa vipimo vya kiwandani.

Njoo na kadi ya gari na kitambulisho. Dereva aliyetumwa na bosi aje na namba ya simu ya mwenye gari, kwani hatugusi swichi kabla ya kuongea naye. Msituone tunawadhania vibaya. Tungefanya hivyohivyo kama mtu mwingine angetuletea lori lako.