Barua ya wazi kwa waimbaji vijana: mfuateni Mahmoud Ahmed mpaka ndani ya bendi

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kuimba Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Bujumbura, ambao wengi wenu mmekwisha kurekodi nyimbo na kupata mashabiki kabla hamjasimama hata usiku mmoja mbele ya wapiga vyombo. Nawasikia mkisema kwamba bendi ni gharama, ni ugomvi, ni mambo ya wazee. Sitawajibu kwa habari za enzi zetu, maana mtaona natetea ujana wangu. Nitawaeleza maisha ya Mahmoud Ahmed wa Ethiopia, aliyeimba kwa zaidi ya miaka 60, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho.

Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1941, katika familia ya Kigurage, akakulia Mercato, lile soko kubwa la mji. Alipokuwa kijana aling'arisha viatu, baadaye akapata vibarua katika klabu iliyoitwa Arizona, ambako wanamuziki wa bendi ya Kikosi cha Walinzi wa Mfalme walikuwa wakikutana baada ya kumaliza kazi zao. Usiku mmoja wa mwaka 1962 mwimbaji wao hakutokea, na Mahmoud akaomba aimbe nyimbo chache. Walimkubalia, wakampenda, na haukupita muda akawa mmoja wao, akadumu nao mpaka mwaka 1974.

Watu hupenda kuusimulia usiku ule kana kwamba bahati ndiyo iliyomfanya Mahmoud awe Mahmoud. Mimi naona kwamba jambo zito ni ile miaka 12 iliyofuata. Bendi za serikali za Ethiopia hazikuwa za kubahatisha. Mizizi yake inarudi mwaka 1924, Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, alipokutana Yerusalemu na vijana 40 wa Kiarmenia, mayatima waliokuwa wakipiga tarumbeta, akawaleta Addis Ababa pamoja na mwalimu wao, Kevork Nalbandian. Kutokana na kazi ya namna hiyo, polisi, jeshi na walinzi wa mfalme walipata bendi zao, na wapiga saksafoni na tarumbeta wakajifunza kupita katika ngazi za muziki wa kwao zenye sauti tano, yaani tizita, bati, ambassel na anchihoye. Mwimbaji aliyesimama mbele ya watu hao alilazimika kujua anaanzia wapi na anaishia wapi, kwa sababu akiteleza, wenzake wote walisikia papo hapo, na kesho yake kulikuwa na mazoezi.

Isitoshe, Mahmoud aliingia katika bendi iliyokuwa imetoka kujeruhiwa. Desemba 1960 wakuu wa kikosi kile walijaribu kumpindua mfalme wakashindwa, na Tilahun Gessesse, mwimbaji aliyependwa kuliko wote nchini wakati huo, alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Kijana wa Mercato hakukuta raha, alikuta kazi.

Santuri nazo zilikuja baadaye. Kwa amri ya serikali, ni taasisi moja tu ya dola iliyoruhusiwa kushughulikia santuri, mpaka mwaka 1969 Amha Eshete, kijana mfanyabiashara, alipothubutu kutoa zake mwenyewe. Mahmoud aliporekodi na kundi la Venus, kisha mwaka 1975 alipotoa *Ere Mela Mela* kupitia lebo ya Kaifa akiwa na kundi la Ibex, alikuwa amekwisha kuimba mbele ya watu kwa zaidi ya miaka kumi. Nawasihi muisikilize kazi hiyo polepole. Kundi hilo ndilo lililokuwa na mpiga besi Giovanni Rico na mpiga gitaa Selam Seyoum, na mtasikia jinsi besi inavyozunguka mahali pamoja bila kuchoka, saksafoni zinavyoingia kumjibu, na sauti ya Mahmoud inavyopanda ikitetemeka, ikining'inia juu ya mdundo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba wenzake watampokea akishuka. Utulivu ule hauwezi kupatikana kwa kuimba juu ya muziki uliotengenezwa na mtu ambaye hamjawahi hata kuonana.

Kisha zikaja siku ngumu. Utawala wa kijeshi wa Derg ulimwondoa mfalme mwaka 1974, watu wakapigwa marufuku kutoka nje usiku kwa miaka mingi, na muziki wa klabu ukadhoofika. Palipobaki na muziki, wasikilizaji walilazimika kufungiwa ndani pamoja na bendi hadi alfajiri. Biashara ya santuri ikafa, zikabaki kaseti. Ibex ikageuka kuwa Roha, na Mahmoud akaendelea kuimba nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Marekani pamoja na bendi ya Walias, na baadhi ya wanamuziki waliamua kubaki huko; Hailu Mergia, mpiga kinanda hodari, aliendesha teksi Washington kwa miaka mingi. Siwalaumu waliobaki, wala asiwalaumu mtu yeyote. Mahmoud alirudi nyumbani, akafungua duka la muziki palepale Mercato, na akaendelea na kazi yake.

Umaarufu wa ng'ambo ulimfikia akiwa na miaka 45, mwaka 1986, lebo moja ya Brussels ilipotoa upya nyimbo zake za miaka ya 1970. Baadaye Mfaransa Francis Falceto alimpa nafasi kubwa katika *Éthiopiques*, mfululizo wa albamu za muziki wa Ethiopia, na mwaka 2007 akapata tuzo ya BBC ya muziki wa dunia. Walichokipenda wageni ni zilezile nyimbo za Kiamhari zilizorekodiwa kwa ajili ya watu wa Addis Ababa. Januari 2025, akiwa na miaka 83, aliwaaga mashabiki wake jijini humo kwa tamasha kubwa.

Sikatai kwamba bendi ina gharama, na najua kwamba Mahmoud alilelewa na bendi yenye mshahara wa serikali, kama vile NUTA Jazz ilivyolelewa na chama cha wafanyakazi hapa kwetu. Nyinyi hamna mlezi wa namna hiyo. Kwa hiyo siwaombi mkusanye watu 12 wenye saksafoni. Nawaomba mtafute mpiga gitaa mmoja, mpiga besi mmoja na mpiga ngoma mmoja, na ikiwezekana mmoja wao awe mtu mzima aliyewahi kupiga dansi, mkutane kila wiki hata kama hamna onyesho, na mdumu pamoja kwa miaka, wala si kwa msimu mmoja. Wimbo mpya uimbeni kwanza mbele ya watu, mara nyingi, ndipo muupeleke studio. Malipo yakija, wapiga vyombo wapate fungu lao siku hiyohiyo, na majina yao yaandikwe popote wimbo utakapowekwa, kwa sababu wengi wa waliopiga katika bendi zetu za zamani hawajulikani leo hata na wanaozipenda nyimbo zao.

Wenu,
Mzee wenu, mpiga gitaa mstaafu wa muziki wa dansi