Yah: Injini ya Gari Langu na Maneno Niliyoambiwa Mapokezini Kwenu

Meneja Mkuu,
Kituo cha Matengenezo ya Magari,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima zote, na naomba barua hii uisome mwenyewe hadi mwisho, usimpe msaidizi akusimulie.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2003, rangi ya bluu, iliyoingia kwenu Alhamisi kwa kazi mbili kubwa: mkanda wa taimingi na krachi. Kadi ya kazi mnayo. Masharti yenu kuhusu vifaa vinavyoletwa na mteja, na kuhusu nani anaruhusiwa kuwasha gari la mteja, mmeyabandika ukutani wenyewe. Sitayarudia.

Jumamosi, saa mbili kasoro asubuhi, nilikuwa mapokezini nasubiri ankara. Fundi wenu akaingia kwenye gari langu, akawasha, na hata sekunde kumi hazijapita akaanza kupiga resi. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha kwenye baridi ya Julai, ile ya Mbeya ambayo mtu akifungua kinywa anatoa moshi. Nilipotoka kumwambia azime, msimamizi wenu wa karakana alinizuia mlangoni mbele ya wateja wote, akasema: "Dada, hili ni gari la shemeji. Mwambie aje mwenyewe."

Hakuna shemeji, Ndugu Meneja. Kadi ya gari ina jina langu. Na hata angekuwepo, injini isingepata nafuu kwa sababu ni ya mwanamume.

Sasa kuhusu oili. Niliwaletea galoni ya lita 5, sintetiki, 5W-40, haijafunguliwa, niliyoagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi. Niliikabidhi mkononi na ikaandikwa kwenye kadi. Ankara yenu inasomeka: "Oili 20W-50, lita 5." Mmenitoza pesa kwa oili nisiyoitaka, na yangu haijulikani ilikokwenda. Nilipouliza, kijana wa stoo akanijibu kwamba oili nzito "inalinda zaidi". Inalinda nini? Hiyo namba ya kwanza, ile yenye W, ndiyo inayosema oili itatembeaje injini ikiwa ya baridi. Oili ya 20W asubuhi ya Julai huku juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ni kama asali. Inachelewa kufika kwenye beringi. EJ207, ndiyo injini ya gari hili, ina kifaa cha kuchezesha taimingi ya valvu kinachoendeshwa na presha ya oili yenyewe, kupitia vitundu vyembamba. Turbo nayo inakaa kwenye utando wa oili, na kazini inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Marehemu baba aliendesha malori ya Tunduma miaka mingi na hakuwahi kukanyaga injini ya baridi, na hayo yalikuwa malori ya mizigo. Ninyi mnajiita wataalamu wa magari ya turbo. Imeandikwa kwenye bango lenu la barabarani.

Nilipolichukua gari na kufika Nane Nane nikasikia mlio. Ta-ta-ta-ta, mwembamba, unafuata mguu wangu: nikikanyaga unakuja, nikiachia unapotea. Anayezijua injini hizi anaujua mlio huo na hautamani. Geji ya presha ya oili niliifunga mwenyewe. Siku zote injini ikishapata moto, gari limesimama, sindano inakaa bar 1.2 hivi. Safari hii ilikuwa inacheza kwenye 0.7. Na oili ilikuwa ile nzito yenu, ambayo ilipaswa kupandisha presha! Nikazima palepale, nikaita gari la kuvuta, nikarudishwa Iyunga kwa kamba huku majirani wakitazama.

Jumapili nilimwaga oili hiyo uani, kwenye beseni jeupe la kufulia. Ilipotulia nikaona chenga zinametameta kama poda ya dhahabu. Nikapitisha sumaku, hazikushikwa. Chuma kingeshikwa. Zile ni chenga za beringi. Nilikaa kwenye kigoda nikaliangalia beseni lile mpaka jua likanihama.

Nataka uelewe ni kitu gani mmekiharibu. Miaka minne nimelitunza gari hili. Bushi za mbele nilibadilisha mwenyewe, breki nilizifanyia huduma mwenyewe, turbo niliishusha na kuirudisha kwa mikono hii, kila nati kwa kipimo chake. Krachi ndiyo ilinishinda, kwa sababu giaboksi ya gia sita haishushwi uani kwa jeki mbili. Wengine wana mpira, wengine wana kwaya. Mimi Jumapili moja kwa mwezi nalisubiri lipate moto taratibu, kisha naelekea Tukuyu kupitia Isyonje, kona baada ya kona kati ya migomba na ukungu, bila kuvunja sheria ya mtu. Mwezi uliopita nilipanga kwenda nalo Iringa, nilishushe mlima Kitonga na kulipandisha tena. Nililileta kwenu kwanza ili liwe salama kwa safari hiyo.

Narudi kwenye asubuhi ile, kwa sababu nahisi aya chache za juu hazitoshi.

Kioo cha mapokezi yenu kinatazama uwanja. Nilimwona fundi akifungua mlango wangu, akiwa amevaa ovaroli yenye grisi, bila kitambaa kwenye kiti. Vijana watatu walisimama nyuma ya ekzozi, simu mkononi. Mmoja akapunga mkono: haya! Fundi akakanyaga. Sindano ya mizunguko naiona kichwani hadi leo, maana kwa mlio ule najua ilipita 7,000, na injini hiyo mstari wake mwekundu unaanzia 8,000. Akaachia. Akakanyaga tena. Mara nne, nilihesabu. Vijana wanashangilia. Mimi nimeshafika mlangoni, napiga kelele azime, na msimamizi wenu ameweka mkono kwenye fremu ya mlango, nisipite. Hakunigusa, niseme kweli. Alitabasamu. Akasema lile neno la shemeji, polepole, kama anamwelekeza mtoto. Nikamwambia gari ni langu na injini ni ya baridi. Akageukia wateja waliokaa kwenye benchi, akawaambia: "Wanawake Vitz inawatosha, haya mengine ni presha tu." Watu wakacheka. Mzee mmoja hakucheka, akainamisha kichwa, na yule mzee ndiye pekee ninayemshukuru katika jengo lenu zima.

Mimi ni mtu mzima. Nimelipa bili zenu bila kupunguziwa hata shilingi. Nilisimama pale nikiisikia injini yangu inasagika nyuma ya mgongo wa mtu aliyekuwa ananidhihaki mbele za watu, na sikuwa na la kufanya.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kuomba mambo matatu: mnirudishie oili yangu, mfute ile 20W-50 kwenye ankara, na mfungue filta ya oili mbele yangu muone wenyewe kilichomo. Lakini ninyi mnajua, kama mnavyodai kujua Subaru, kwamba kwenye injini ya boksa, ile ambayo pistoni zake zimelala ubavu, beringi za konrodi hazikaguliwi kwa kushusha sampu, lile karai la oili la chini. Lazima bloku ligawanywe. Kwa hiyo ombi langu sasa ni injini ishushwe na ifunguliwe kwa gharama yenu, na ifunguliwe na fundi nitakayemchagua mimi. Fundi wenu asiliguse gari langu tena. Kama krenki shafti imechimbika, mtalipa krenki, beringi zote, oili pampu na kusafishwa kwa turbo. Kama bloku limekufa, mtaleta lingine la EJ207, siyo la Forester lililobadilishwa kava.

Pia nataka pesa yangu yote ya kazi, shilingi 1,380,000. Hapa kuna jambo nililoligundua usiku wa Jumapili nikipanga makaratasi: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mliyonipa imeandikwa shilingi 600,000. Pesa nyingine mliiandikia wapi? Sijaenda TRA, Mamlaka ya Mapato. Bado.

Na msimamizi ataniomba radhi pale pale mapokezini, saa mbili asubuhi, benchi likiwa limejaa, kwa sauti ileile aliyoitumia kunidhihaki. Simu yake ya faragha siitaki, wala ujumbe. Video walizopiga vijana wale naomba zihifadhiwe. Zikipotea, nitajua kwa nini zimepotea.

Nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Siku ya 8 nakala itakwenda Tume ya Ushindani, FCC, kwa mujibu wa Sheria Na. 8 ya mwaka 2003, nyingine TRA pamoja na ankara na risiti zikiwa zimebanwa pini moja, na mimi nitakuwa mahakamani kufungua shauri. Nilikuwa nimefikiria kuwapa siku 14.

Oili niliyoimwaga nimeihifadhi kwenye chupa mbili za maji, zimefungwa na kuandikwa tarehe. Chupa moja naileta pamoja na barua hii. Iwekeni juu ya meza mwangani, iacheni saa moja bila kuitikisa, kisha mtazame chini.

Wenu,
Mwenye Impreza ya bluu,
Iyunga, Mbeya.