Gemu ikijifunga, kupiga Windows si dawa

Ndugu Mhariri,

Shule zikifungwa, meza za mafundi hapa Mwanza hujaa kompyuta zenye ugonjwa mmoja: gemu inachezeka robo saa, kisha inajifunga yenyewe. Mzazi anaambiwa "tupige Windows upya", yaani mfumo wa kompyuta ufutwe na uwekwe mwingine, analipa, na kesho yake gemu inajifunga tena. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini.

Kinachotakiwa kwanza ni kutazama inavyoanguka. Ikimrudisha mtoto kwenye deskitopu huku kompyuta ikiendelea na kazi, shaka iko kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa, mfano kadi ya picha), faili za gemu au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Skrini ya buluu nayo mara nyingi ni RAM au draiva. Lakini ikizima ghafla, pu, kama umeme uliokatika, shuku joto au pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na hapo hata upige Windows mara kumi.

Joto la huku lina mambo yake. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi hufuata mwanga usiku, feni inawavuta ndani, wakichanganyika na vumbi wanakuwa blanketi. Blanketi hilo hulioni kwa nje, maana limelala chini ya feni ya prosesa, ubongo wa kompyuta, juu ya mapezi ya chuma. Kupuliza na blowa bila kufungua kunalishindilia tu. Ng'oa feni, likwangue kwa brashi laini ya rangi, na ukipuliza zuia mapanga kwa kidole yasizunguke. Pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na mapezi, ikiwa imekauka, ifutwe kwa spiriti, iachwe ikauke, kisha upake mpya kiasi cha punje ya choroko. Ikizidi haiongezi ubaridi. Halafu pima: weka HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto, cheza dakika 20. Prosesa ikibaki chini ya nyuzi 85 ni salama. Nyingi zikigusa 95 hadi 100 zinajipunguza kasi, na joto likizidi kupanda zinajizima.

Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini ndizo zinazoumiza wengi kwenye pawa. Nyingi zile nyembamba zina pawa saplai ya wati 240 hivi. Kadi ya picha ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada, mfano GTX 1050 Ti, kwa kawaida inavumilika. Kubwa zaidi ikiungwaungwa kwa adapta, gemu inazima pale pale mapigano yanapopamba moto, kwa sababu ndipo kadi inapovuta umeme mwingi. Chukua mita, pima waya wa njano na mweusi wakati gemu inacheza: isishuke chini ya volti 11.4 wala kupita 12.6. Na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA si ya wati 650, hubeba kama 360 hadi 390.

RAM: zima, chomoa waya wa umeme, toa vipande, sugua meno yake kwa raba ya penseli, rudisha hadi vibano viite "ta". Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. MemTest86, programu ya kupima RAM, iwekwe kwenye flashi na iachwe usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa.

Kwa upande wa programu, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, itafunguka orodha ya matatizo ya kompyuta siku kwa siku. Alama nyekundu za siku hiyo zinataja kilichoanguka. Ukiona nvlddmkm, ni draiva ya NVIDIA: ifute kwa DDU (programu ya kuondoa draiva za kadi ya picha) ukiwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), weka mpya. Ukioneshwa "Kernel-Power 41" ukaambiwa ni virusi, kataa. Maana yake ni kwamba kompyuta ilizima bila kuagwa, basi. Haisemi kwa nini.

Mafundi wenzetu, tunawaomba muandike kwenye risiti nyuzi joto za kabla na baada ya kazi, na volti mlizopima. Mteja akirudi analalamika, kuna pa kuanzia.

Mafundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza