Mwanangu Rukia, hayo si majani tu

Mwanangu Rukia,

Salamu nyingi wewe na mwenzako. Jumapili uliniambia kwenye simu kwamba muguka, hiyo miraa ya majani unayotafuna, ni majani tu, tena siku hizi unayaosha kwanza. Sikukujibu, maana hasira zilinipanda na sikutaka kukutia simanzi na mimba hiyo.

Kuosha ni kuzuri, mama. Maji huondoa vumbi la barabarani. Lakini madini yenye sumu, risasi na kadimiamu, ambayo mti umeyanyonya udongoni yamo ndani ya jani, maji hayayafikii. Najua utasema hata mchicha unaweza kuwa nayo. Ni kweli, ila mchicha unakula sahani moja ukaondoka. Muguka unakaa shavuni tangu alasiri hadi usiku, kila siku, na maji yake yote unameza. Wataalamu wa Ethiopia na Yemeni wamepima miraa ya kwao wakakuta madini hayo. Kiasi hutofautiana shamba na shamba, na kwa macho huwezi kujua jani lipi ni lipi.

Risasi unaijua. Mtaa wa Owino Uhuru ni hapo hapo Mikindani, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu wa huko sumu ya risasi, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2020 wakazi wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ile haikutoka kwenye majani, lakini ikishaingia mwilini ni ileile. Hujificha mifupani miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba, mwili huchota kalisiamu mifupani umjengee mtoto, na risasi hutoka nayo, ikavuka kondo la nyuma hadi kwake. Ubongo wake ndio unaoumia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu nayo hurundikana kwenye figo zako.

Kwa hiyo usipunguze, acha. Najua siku za mwanzo utasinzia na kukereka, nami sitakulaumu. Ukienda kliniki mwambie nesi umekula muda gani, usimfiche kwa haya, umuulize pia kama damu yako inaweza kupimwa risasi.

Ijumaa naja na basi la asubuhi. Nakuletea dagaa, maharage na maziwa, kwa sababu mwili wenye kalisiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo. Nitakaa nawe hadi hamu ipungue.

Mamako