Mjomba, safari hii kipaza sauti nakishika mimi

Mjomba, shikamoo.

Najua wajukuu ndio watakaokusomea hii kwenye simu, nawe utauliza kwa nini mambo ya nyumbani nayaanika hadharani. Ni kwa sababu nyumbani nimeshakuomba mara tatu unisimulie kazi yako ya kurekodi sauti za filamu, na mara zote tatu umenijibu vilevile: "Mimi nilikuwa fundi tu. Kamuulize mwongozaji."

Mwongozaji ameshaulizwa, mjomba. Waigizaji nao wamehojiwa redioni hadi wamechoka. Wewe uliyekaa pembeni na hedifoni masikioni, bega la kulia limelala kwa mkanda wa kubebea Nagra, kile kinasa sauti cha kanda, hujaulizwa hata aliyetengeneza chai siku za kupiga filamu.

Nianze na friji. Tulipokuwa wadogo ulikuwa ukitaka kumrekodi bibi akihadithia, unachomoa waya wa friji, kisha unatia ufunguo wa gari ndani yake, pale karibu na mayai. Tulikuwa tunacheka mpaka tunalala chini. Miaka ikapita, nikapata kazi yangu ya kwanza ya kurekodi, kwenye nyumba ya watu. Friji yao ilikuwa inanguruma, nikaichomoa kama nilivyokuona ukifanya. Kazi ikaisha salama, nikafungasha, nikaondoka. Samaki wao wakaoza. Nilipokuwa nalipa wale samaki ndipo nikaelewa ule ufunguo: huwezi kuondoka bila kuifungua friji, na ukiifungua utakumbuka kuiwasha. Darasani hawakunifundisha hilo, na nilisoma miaka miwili.

Mbinu ngapi nyingine umezinyamazia? Ya kanga naijua kwa kusikilizia pembeni, maana uliisema ukiwa unamwambia mtu mwingine: kanga mpya ina wanga, ukificha kipaza sauti kifuani mwa mwigizaji unapata mchakacho mtupu, kwa hiyo ulikuwa unamwomba mama wa mavazi azifue kwanza, tena zaidi ya mara moja. Na mvua ya ghafla juu ya mabati je? Ulikuwa unasubiri iishe, au unawaambia waigizaji wasogee chini ya mwembe? Na kunguru wa Dar, ambao hawana adabu hata mbele ya kamera?

Watu wa rika langu hatujui ilivyokuwa. Sisi tunabonyeza, tunasikiliza, tunafuta, tunarudia. Wewe Nagra yako ilikuwa inameza mawe 12 makubwa ya tochi. Spuli ya kanda ya inchi 5, kwa mwendo wa inchi 7.5 kwa sekunde, ilikupa kama robo saa. Kamera ya milimita 16, kwa futi zake 400, ilikuwa na dakika 11 hivi. Mashine mbili, kila moja na mwendo wake, na kwenye meza ya kuhariri kilichozikutanisha ni ule mlio wa kibao kinachogongwa mbele ya kamera. Halafu ndipo ukae kwenye meza ya kuchanganya sauti, maneno huku, muziki huku, vishindo kule, vidole vinapanda na kushuka wakati picha inakwenda. Hapo ndipo pananiumiza zaidi, kwa sababu mikono yako iliamua mambo ambayo hayakuandikwa popote. Kwa nini kwenye ile filamu uliiacha sauti ya bahari ipande juu ya neno la yule mama? Nimesikiliza mara kumi. Nadhani ulifanya makusudi, lakini nadhani tu.

Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Hesabu mwenyewe, mjomba. Aliyeanza kazi ya sauti miaka ile akiwa kijana wa miaka 20, leo ana umri gani?

Tazama wenzetu. Ile filamu ya Marekani iliyopigwa Kenya na kupata Oscar ya sauti mwaka 1986, Out of Africa, aliyerekodi sauti kwenye eneo la tukio alikuwa Mwingereza, Peter Handford. Leo tunaweza kuzungumza habari zake kwa sababu aliacha alama: alipenda treni za mvuke kiasi cha kuzirekodi kwa miaka mingi, rekodi zikauzwa kwenye santuri, na kitabu akaandika. Huko Uingereza pia, tangu miaka ya 1980, watu wa chama cha wafanyakazi wa filamu walianza kuhojiana wenyewe kwa wenyewe, na hadi leo kuna mamia ya mahojiano hayo. Ninachokipenda si wingi wake. Aliyekuwa anauliza naye alishawahi kushika kazi hiyo, kwa hiyo hakuuliza "ulijisikiaje?" Aliuliza kipaza sauti ulikiweka wapi.

Kuhusu lile boksi la chini ya kitanda. Nimelifungua, nisamehe. Utepe mmoja wa milimita 16 unanuka siki, maana yake plastiki yake imeanza kujila yenyewe. Kanda mbili za robo inchi zinanata. Gundi ya kanda imefyonza unyevu wa pwani. Usizicheze hata kidogo, zitaacha unga wa kahawia kwenye vichwa vya mashine na sauti itakwenda na unga huo. Zipo njia za kuzioka taratibu, kwenye joto la nyuzi 50 na kidogo, ziweze kuchezwa tena, na hilo ni la fundi, si la jiko la nyumbani. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, walitahadharisha kwamba ukifika mwaka 2025 hivi itakuwa shida kuzicheza kanda kama hizi vizuri, kwa kuwa mashine na vipuri vinakwisha. Kanda nitazihangaikia mimi.

Lakini juu ya makasha umeandika kwa kalamu ya risasi: "ya 3, kunguru", "ya 6, nzuri, ila kakohoa", na moja imeandikwa "kimya cha sebuleni, sekunde 30" tu. Nyumba yenyewe ilishabomolewa. Nani alikohoa? Na kwa nini bado ulisema nzuri?

Nakuja Jumamosi saa nne asubuhi, kabla jirani hajawasha jenereta. Sitaleta kamera, najua huipendi. Nitaleta kinasa sauti kimoja na mawe 12 mapya, ili na Nagra yako tuone kama bado inazunguka. Ukitaka kunisahihisha nilivyokaa na kipaza sauti, nisahihishe, na hilo nalo litarekodiwa.

Friji nitaichomoa mwenyewe. Ufunguo wangu utaukuta karibu na mayai.

Mpwa wako.