Kwa nini siku hizi nakuomba namba ya risiti getini

Wateja wangu wengi mnanijua tangu nilipokuwa nashona kwa cherehani moja sebuleni, mtoto mgongoni. Siku zile mtu alipiga hodi, akaingia, akakaa, chai ikaletwa, ndipo tukaanza kuzungumzia mshono. Sasa mkija mnakuta geti limefungwa na mnaulizwa namba ya risiti. Baadhi yenu mmeniambia wazi kwamba mmejisikia vibaya, na mna haki ya kuelezwa sababu.

Mwaka jana, siku za mwisho za Ramadhani, niliposti picha ya magauni mawili ya kitenge. Mwenyewe akaandika chini yake kwa furaha kwamba kesho anakuja kuyachukua. Jioni ileile, baada ya futari, kijana mmoja alishuka kwenye bodaboda, akabisha, akasema ametumwa na dada fulani kuchukua magauni yake. Jina sawa, idadi sawa, rangi sawa. Nikamkaribisha kwenye kochi huku nikimalizia kupiga pasi. Akaniuliza kama bado kuna wateja wanaokuja usiku ule. Akauliza na shemeji yuko wapi. Nikamjibu yote, maana ndivyo nilivyolelewa, mgeni hahojiwi. Akaondoka na nguo. Haikupita saa moja, mwenye nguo akapiga simu kuuliza aje asubuhi au mchana.

Magauni niliyashona upya. Kitenge nilikifuata mwenyewe Kariakoo, nikakesha siku mbili, na dada yule akavaa Idi yake. Kilichobaki kunisumbua ni yale maswali mawili. Mtu nisiyemjua alikaa ndani kwangu robo saa nzima, akaona cherehani zilipo, akawaona wanangu, akajua kwamba mume wangu anafanya kazi za usiku. Na juu ya meza, hatua mbili kutoka alipokaa, lilikuwepo daftari lenye majina yenu, namba zenu za simu na vipimo vya miili yenu.

Fundi mwenye fremu barabarani akishafunga anaondoka, anayemfuata usiku anakuta kufuli. Anayenifuata mimi usiku ananikuta nimelala na watoto. Ndiyo maana nimebadilisha mambo, na kila badiliko linakulinda wewe pia.

Nianze na risiti. Ukileta kitambaa nakuandikia risiti yenye namba. Namba hiyohiyo naiandika kwenye kipande kilichokatwa kwenye kitambaa chako, nakibana kwa pini kwenye mfuko wa nguo zako. Jina haliandikwi popote kwenye mfuko. Anayekuja kuchukua, awe mumeo, dada wa kazi au bodaboda, ataje namba hiyo. Asipokuwa nayo, nakupigia wewe kwa simu iliyo kwenye daftari langu, si kwa ile atakayonitajia yeye. Nguo haitoki mpaka nimesikia sauti yako. Hata mteja wangu wa miaka sita nitamuuliza, na naomba asinikasirikie, kwa sababu yule kijana alikuja kwa jina la mtu ninayemfahamu vizuri.

Na tafadhali, chini ya picha zangu msiandike siku mnayokuja wala mahali mlipo. Niandikieni inboksi. Mimi nami nimeacha kuposti nguo kabla mwenyewe hajaichukua.

Kwenye ukurasa wangu utaona nimeandika Tabata, basi. Ramani ya kukufikisha nyumbani naituma baada ya kupanga siku na saa na kupokea kianzio. Kama ni mara yako ya kwanza, ukifika kituoni nipigie, msaidizi wangu atakuja kukupokea. Najua inachosha kidogo, hasa kwenye jua la mchana, lakini naye anapata nafasi ya kukuona na kusalimiana nawe kabla hamjafika getini.

Kianzio ni nusu ya bei ya ushonaji, na kinalipwa kwa Lipa Namba niliyokupa mimi mwenyewe. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa si lile lililo kwenye risiti zangu, acha hapohapo, maana kuna watu wanachukua picha za kazi zetu mafundi na kuzifungulia ukurasa mwingine ili kukusanya vianzio. Sitakutumia kamwe ujumbe kwamba "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiupata kwa jina langu, usijibu, utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya ujumbe wa kitapeli. Kwa upande wangu, sitoi nguo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Naangalia salio langu kwanza. Inachukua nusu dakika.

Kuna jambo la kupima, nalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Mwanamke anapovua nguo nyumbani kwangu amenipa amana. Chumba cha kupimia sasa kina mlango wenye komeo kwa ndani, na simu hazifunguliwi mle, si yako wala yangu. Ukitaka kujipiga picha na gauni jipya, kioo kikubwa kipo koridoni. Waliokusindikiza wanasubiri barazani. Wanaume nawapima hapohapo barazani, Jumamosi tu, mume wangu akiwepo. Kaka zangu wachache mliolalamikia hilo, naomba mnielewe: futikamba inanisogeza karibu sana na mtu, na siwezi kufanya kazi hiyo peke yangu na nisiyemjua.

Lile daftari sasa linakaa kwenye droo yenye ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na naamini hata fundi wa nyumbani anapaswa kuiheshimu. Picha yenye sura yako sitaiweka mtandaoni bila ruhusa yako. Ukitaka nikufute kwenye daftari, niambie, nitauchana ukurasa mbele yako.

Kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo sifungui geti, hata kama sendofu ni kesho. Umeme ukikatika mkiwa ndani, tunahamia barazani kwenye mwanga. Mjumbe wetu anajua ninachofanya na saa zangu, na jirani wa ukuta mmoja ana namba yangu. Tumekubaliana kwamba nikimpigia na kukata, anakuja kugonga. Mafundi na wasusi wenzangu mnaofanyia kazi nyumbani, kamzungumzeni jirani wiki hii, haigharimu chochote.

Wenye nguo zilizokwisha tangu mwezi uliopita na hamna risiti, nipigieni simu wenyewe kabla ya Ijumaa, niwape namba zenu. Nguo zimeshapigwa pasi, zinawasubiri.